Dawa Iliyotoka Kwenye Baruti: Historia ya Tembe ya Moyo ya Kuweka Chini ya Ulimi

Ikiwa uko jikoni endelea na kazi yako, lakini sogeza redio karibu kidogo. Dawa tunayoizungumzia leo huenda tayari imo nyumbani mwako, juu ya kabati, au imefungwa kwenye pembe ya leso ya gogo, kukhu au shosho unayemtunza.

Nianze na kisa. Msimu mmoja wa kuvuna mahindi alinijia mama mmoja akiwa amemshika mkono mama mkwe wake. Mzee huyo alikuwa na maumivu ya kifua ya moyo, na alikuwa amepewa hospitalini tembe ndogo za kuweka chini ya ulimi. Asubuhi hiyo, akitoka shambani, kifua kilimbana. Akaweka tembe ya kwanza, kimya. Akaweka ya pili, kimya. Yule mkaza mwana akaniambia kwa hasira, "Sista, mlitupa dawa bandia."

Nikaomba kuiona hiyo dawa. Ilitoka ndani ya karatasi ya plastiki, imefungwa kwenye leso, na ilikuwa imekaa humo kiunoni karibu miezi minne. Nikauliza chupa iko wapi. Wakatazamana. Chupa ile ya kioo, nzuri, yenye kifuniko cha kukaza, mzee aliona inafaa zaidi kwa ugoro wake.

Mzee tulimpa dawa nyingine, maumivu yakatulia, tukamtuma mbele akaonwe na daktari. Siku ile nilitaka kucheka, na nilitaka kulia pia, kwa sababu kosa halikuwa la mzee. Hakuna mtu aliyemweleza kwa nini dawa hiyo hukaa kwenye kioo. Alidhani ni chupa tu. Baadaye nilifikiri kwamba kila sharti la dawa hii lina historia yake, na mtu akiijua historia, sharti halimtoki kichwani. Ndiyo maana leo nawasimulia historia.

Ugonjwa wenyewe kwanza. Mwaka 1768 daktari mmoja Mwingereza, William Heberden, aliwasomea madaktari wenzake jijini London maelezo ya wagonjwa aliokuwa amewaona, na mwaka 1772 maelezo hayo yakachapishwa. Alisema ni watu ambao wakitembea, hasa wakipanda mlima, na hasa wakiwa wamekula, hushikwa na kubanwa kwa kifua hata wakaona kama uhai unawatoka. Wakisimama, yanaisha. Ugonjwa huo akauita anjina. Sababu yake hakuijua. Leo twajua kwamba mishipa inayolisha nyama ya moyo imekuwa myembamba ndani, kama mfereji uliojaa tope. Mtu akiwa ameketi, damu kidogo inayopita inatosha. Akibeba ndoo ya maji au akipanda mlima, moyo unadai damu zaidi, na haipatikani.

Mama anayemtunza mgonjwa wa namna hii humjua mapema kuliko daktari. Anajua kwamba mzee akifika pale kwenye mwinuko karibu na posho mill atasimama, ajifanye anaangalia mahindi ya watu. Maumivu yanayokuja kwa mazoea hivyo, kwa kazi ile ile, na kuisha kwa kupumzika, ndiyo anjina iliyotulia. Wanawake wengine hawasikii hata maumivu. Husikia pumzi inakatika, uchovu usio wa kawaida, au uzito kwenye taya, mkono au chembe cha moyo. Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia kusema ni asidi, ni vidonda vya tumbo, ni gesi.

Tusijilaumu sana kwa kutoujua ugonjwa huu, maana hata madaktari waliwahi kusema haupo kwetu. Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Nyanza Kusini, aliandika kwamba amewapima presha Waafrika wapatao 1,000 na hakuona presha ikipanda na umri kama alivyozoea kuona kwa Wazungu. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi hapa Kenya, kisha Mulago, Kampala, kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake walipochapisha habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na jambo hilo lilionekana kuwa geni kiasi cha kustahili kuandikwa kwenye jarida la madaktari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1959 Dakta Shaper na mwenzake walilinganisha Waafrika na Wahindi wa Uganda. Wahindi walikuwa wakiugua mioyo kwa wingi, Waafrika karibu hakuna, na mafuta katika damu yao yalikuwa tofauti.

Mimi siamini kwamba wazee hao walidanganya. Waliandika walichokiona, wakati ambapo mji wetu huu bado ukiitwa Hoey's Bridge na watu wakienda kwa miguu karibu kila mahali. Shida ni kwamba maneno yao yalibaki baada ya maisha kubadilika. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana Waluo waliotoka mashambani kwenda kuishi Nairobi, na matokeo yakatolewa mwaka 1990: miezi michache tu ya chumvi nyingi na maisha ya mjini, na presha ilikuwa imeanza kupanda. Mwaka 2015 uchunguzi wa taifa ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha, sukari, sigara na mafuta ndivyo vinavyoiziba ile mishipa. Kwa hiyo mtu akikuambia hapa kwamba ugonjwa wa moyo ni wa Wazungu na matajiri, jua anasoma kitabu cha zamani.

Sasa tuje kwenye dawa, nayo ilianzia mahali pa ajabu.

Mwaka 1847, mjini Turin, Italia, mtaalamu wa kemikali Ascanio Sobrero alichanganya asidi kali na gliserini, ile ile gliserini tunayowapaka watoto ngozi ikikauka. Akapata mafuta mazito yaliyolipuka kwa kishindo cha kutisha. Siku hizo wataalamu walikuwa na tabia ya kuonja walichotengeneza, na Sobrero akaonja tone dogo. Kichwa kikaanza kumgonga vibaya sana. Aliyaogopa mafuta yale maisha yake yote.

Mswidi mmoja, Alfred Nobel, hakuyaogopa ya kutosha. Alifungua mahali pa kuyatengeneza mjini Stockholm, na mwezi Septemba 1864 pakalipuka, na miongoni mwa waliokufa alikuwa ndugu yake mdogo, Emil. Nobel hakuacha. Aligundua kwamba mafuta yale yakinywewa na udongo fulani mlaini hayalipuki ovyo, na mwaka 1867 akapata hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Ndiyo baruti ya dainamaiti, inayopasua mawe kwenye machimbo hadi leo.

Mwaka ule ule wa 1867, kijana wa miaka 23, daktari Lauder Brunton wa Edinburgh, alikuwa akihangaika na mgonjwa ambaye kila usiku kifua kilimbana. Alimnusisha dawa nyingine yenye asili karibu na ile, na maumivu yakaondoka kwa muda mfupi tu. Kisha akaja daktari William Murrell wa London. Yeye alisoma kwamba mafuta ya Sobrero yanafanya kichwa kigonge, akajiuliza kama hayo si mapigo ya mishipa iliyofunguka. Akayazimua sana, akayaonja mwenyewe, na moyo ukampiga hata kalamu aliyokuwa ameishika ikawa inarukaruka mkononi. Alirudia jaribio hilo juu ya mwili wake zaidi ya mara 30 kabla ya kuwapa wagonjwa, na mwaka 1879 akachapisha matokeo. Tangu hapo dawa hiyo haijaachwa. Orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1977, ilikuwa nayo.

Kwenye chupa utaona imeandikwa nitrogliserini au herufi GTN. Mama mmoja aliposikia habari hii kwenye baraza letu aliniuliza, "Sista, haitalipuka mdomoni?" Haiwezi. Tembe moja ya kawaida ina nusu miligramu tu, imechanganywa na vitu vingine visivyo na madhara. Hata Nobel mwenyewe, alipougua moyo uzeeni, madaktari walimwandikia dawa hiyo hiyo. Aliandika kwa rafiki mwaka 1896 akistaajabia jambo hilo, na akaeleza kwamba waliipa jina lingine ili watu wasiogope. Alikufa Desemba ya mwaka huo.

Basi turudi kwa gogo na chupa ya ugoro. Mafuta yale ya Sobrero hata yakitiwa kwenye tembe yana tabia ya kupaa hewani, kama mafuta ya taa yaliyoachwa wazi. Tena yanapenda plastiki: ukiiweka tembe kwenye karatasi ya plastiki, dawa inahama kutoka kwenye tembe na kuingia kwenye plastiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliagiza kwamba tembe hizi zitolewe kwenye chupa za kioo. Joto la mwili na la jiko huzimaliza upesi zaidi. Kwa hiyo kile mzee alichokuwa akiweka chini ya ulimi kilikuwa na umbo la dawa, nguvu ilishabaki kwenye leso. Acha tembe ndani ya chupa yake ya kioo, usitie pamba ndani, kaza kifuniko kila mara, weka mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko. Usichanganye dawa nyingine humo. Andika kwa kalamu siku ulipoifungua, na wiki 8 zikipita omba chupa mpya hata kama tembe zimebaki. Najua inauma kutupa kitu ulichonunua. Kama hilo ni tatizo, mwulize daktari kuhusu ndugu yake, isosobaidi dinitreti ya chini ya ulimi, ambayo haiharibiki upesi hivyo, au kuhusu ile ya kupuliza.

Kwa nini chini ya ulimi? Kwa sababu ikimezwa, ini huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye moyo. Chini ya ulimi inaingia kwenye damu moja kwa moja, na ndani ya dakika chache kazi imeanza. Ndivyo alivyojua Murrell, kwa kuonja.

Na kile kichwa kilichomgonga Sobrero ndicho kitakachomgonga mgonjwa wako. Mishipa inafunguka mwili mzima, ya kichwani pia, na presha inashuka. Wengine huizika dawa kwenye kabati kwa sababu ya kichwa hicho. Mwambie mzee kwamba ni ishara kuwa dawa ni hai, na Panadol itasaidia. Lakini kwa sababu presha inashuka, mgonjwa AKETI kwanza ndipo aweke tembe. Asisimame, maana anaweza kuzirai akaangukia jiko. Maumivu yakiisha na tembe bado ipo mdomoni, anaweza kuitema. Pombe nayo hushusha presha, kwa hiyo busaa au chang'aa pamoja na dawa hii ni njia ya kuanguka.

Sasa sikilizeni hesabu ya dakika, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea. Kifua kikibana, aketi, aweke tembe moja. Angalia saa ya simu. Dakika 5 zikipita na maumivu hayajapungua, aweke ya pili, na wewe wakati huo huo anza kutafuta gari. Usingoje. Vitabu vya ng'ambo vinasema piga simu ambulensi ije, lakini sisi tunaijua barabara yetu wakati wa mvua. Dakika nyingine 5 zikipita bila nafuu, huo si tena ule ugonjwa uliotulia. Huenda mshipa umeziba kabisa, na kila dakika nyama ya moyo inakufa. Twende hospitali. Gari ni afadhali kuliko bodaboda, kwa sababu anaweza kupoteza fahamu njiani. Kama hana mzio wa aspirini na hana vidonda vinavyotoa damu, atafune aspirini ya miligramu 300 mkiwa njiani, na mkifika semeni kwamba ameitumia. Hiyo aspirini ni ya mtu mzima tu, mtoto asipewe. Fanya haraka vile vile ikiwa maumivu yamekuja akiwa amelala au ameketi tu, au yanakuja mara nyingi kuliko alivyozoea.

Kuna sharti lingine ambalo lilitoka kwa wafanyakazi wa viwanda vya baruti. Mtu akiajiriwa, siku za kwanza alipata maumivu ya kichwa kwa kuigusa na kuivuta ile nitrogliserini. Katikati ya wiki mwili ulishaizoea, kichwa kikatulia. Jumapili akapumzika, na Jumatatu kichwa kikaanza upya. Wakauita ugonjwa wa Jumatatu. Wengine walipaka dawa kidogo kwenye kofia ili mwili usisahau mwisho wa wiki. Baadaye madaktari wakaona jambo baya zaidi: baadhi ya wafanyakazi walipatwa na maumivu ya moyo siku za mapumziko, ingawa mishipa yao haikuwa imeziba, kwa sababu mwili ulikuwa umenyimwa ghafla kitu ulichokizoea.

Hayo yanahusu wale wazee wanaopewa tembe za kumeza za jamii hii, za kuzuia maumivu kila siku. Mara nyingi daktari huandika saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kisha hakuna hadi kesho. Mlezi mwenye bidii huona kama daktari amesahau ya jioni, akaiongeza. Usiiongeze. Yale masaa ya usiku bila dawa yamewekwa makusudi, ili mwili usiizoee dawa hata ikakosa kazi. Na usizikatize ghafla kwa sababu mzee anajisikia vizuri au pesa zimeisha. Rudi useme, tutafute njia. Hata dawa za kupunguza mbio za moyo, kama atenololi, haziachwi kwa siku moja.

Jambo la mwisho ni la watu wazima. Kama watoto wako karibu, watume nje wakaangalie kuku.

Miaka ya 1990 mwanzoni, kampuni ya Pfizer kule Uingereza ilikuwa ikitafuta dawa mpya ya anjina hii hii. Dawa hiyo, sildenafili, haikusaidia kifua sana, lakini wanaume waliojaribiwa walisema kuna mahali pengine inapofanya kazi. Mwezi Machi 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra. Mwaka ule ule wa 1998, Furchgott, Ignarro na Murad walipata tuzo ya Nobel, ndiyo, ya Nobel yule yule wa baruti, kwa kueleza jinsi gesi moja ndogo inavyoilegeza mishipa ya damu. Gesi hiyo ndiyo nitrogliserini inayoitoa mwilini. Viagra nayo huizuia kazi ya gesi hiyo isikome. Ukiziweka pamoja mishipa inalegea kupita kiasi, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa. Aliyetumia Viagra asitumie tembe ya chini ya ulimi kwa saa 24, na kwa ile nyingine, tadalafili, ni saa 48. Zile dawa za nguvu za kienyeji zinazouzwa stendi bila maelezo, nyingine hukutwa zimetiwa dawa hizo hizo kwa siri.

Mama, hapa naomba usione haya. Mzee akibanwa kifua usiku, wewe ndiye utakayeulizwa na daktari au muuguzi kama ametumia kitu. Sema ukweli. Hatutacheka, na hatutamwambia mtu. Kuna dawa nyingine tunazoweza kumpa, ila ni lazima tujue.

Na yale ya nyumbani: tembe hii ni tamu kidogo na ni ndogo kama peremende, kwa hiyo iwe juu, mbali na mtoto. Mtoto akiimeza, mlaze chini na umpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa. Usimpe jirani anayelalamika kifua, hata kama ni rafiki yako wa chama. Jirani apelekwe kituo cha afya apimwe presha na moyo. Akihitaji zaidi, iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapo Eldoret, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo tu, na leo ina madaktari wa moyo.

Yule mzee wa ugoro bado yupo. Nilimtembelea akanionyesha chupa ya dawa juu ya rafu, na kopo la ugoro likiwa mbali nayo. Nilijaribu pia kumwambia aache ugoro. Alinitazama tu.

Kwa leo ni hayo. Kabla ya kipindi kijacho, chukua chupa ya mgonjwa wako, angalia tarehe, na kama imefunguliwa zamani au dawa imehamishwa kwenye plastiki, njoo nayo kliniki Jumatatu au Alhamisi asubuhi.